Majobu ya Bi Damaris

Wenye elimu wakikwambia wanajua neno "jobu" lilizaliwa wapi, wapishe wapite. Mmoja atasema lilitoka kwenye donge, wa pili atasema kwenye tonge, wa tatu atasema lilikuwa ni shehena moja ya mkokoteni wa farasi, na wote watatu wakimaliza kubishana utagundua hakuna aliyekuwepo siku lilipozaliwa. Sisi wa vilima vya Yorkshire tulilirithi tu, kama mtu anavyorithi pua ya babu yake. Lakini hili moja halina ubishi: enzi zile mfalme akiitwa George, mtu mwenye heshima zake hakuwa na jobu. Alikuwa na ufundi, au shamba, au nafasi kwa tajiri fulani. Jobu lilikuwa kipande tu, kazi iliyomegwa kama mkate. Ukikimaliza, unakaa ukingoja mpaka mwingine akuite. Kusema kwamba mtu anaishi kwa majobu ilikuwa karibu sawa na kusema anaishi kwa kudokoa.

Basi kijijini Thixby alikuwepo Bi Damaris Pascoe, mjane mwenye mikono mipana na ulimi usiojua kukaa kinywani, na huyo aliishi kwa majobu bila haya hata chembe.

Bomba la moshi limeziba? Aitwe Damaris, atapanda na kichaka cha miiba akivute kutoka juu mpaka chini. Nyuki wamehama na kutua kwenye kofia ya kasisi? Damaris. Ng'ombe kakwama mtaroni, maiti anataka kuoshwa, mtoto kaingiza kichwa kwenye uzio wa chuma na sasa hakitoki, pete ya ndoa imetumbukia chooni: Damaris, Damaris, Damaris, ingawa ile ya mwisho ilikuwa na bei yake.

Wenzake walikuwa wakiajiriwa kwa mwaka. Sikukuu ya Mtakatifu Martin ilipofika, mwezi wa Novemba, walikwenda sokoni kusimama kwa safu. Waendesha farasi walisokota kamba ya mjeledi wakaichomeka kofiani, wachungaji walichomeka shungi la sufu, wasichana wa maziwa manyoya ya ng'ombe. Tajiri akimpenda mtu alimtia mkononi sarafu moja waliyoiita peni ya Mungu, na peni hiyo ikishapokelewa, mtu amefungwa mpaka Mtakatifu Martin mwingine. Damaris alisimama pale mara moja tu, akiwa msichana. Mkulima mmoja alimminya mkono kwa juu kama anayenunua ndama, kisha akamwambia atabasamu amwone meno. Alitabasamu vizuri, halafu akamuuma kidole. Hakurudi tena sokoni kwa shughuli hiyo.

"Jobu lina mkia," alipenda kuwaambia watu. "Naona linapoanza, naona linapokwisha, nakwenda kulala. Mwaka wa mtu mwingine una mkia gani?"

Na angeendelea hivyo hivyo hadi kufa kwake, kama si kukohoa kanisani.

Alikohoa Jumapili moja ya Oktoba, kikohozi cha kawaida tu, lakini aliyekaa mbele yake alikuwa Marmaduke Ombler. Huyu Ombler ndiye aliyekuwa mkulima mkubwa wa Thixby, mzee wa kanisa, na mwangalizi wa fungu la maskini. Hakuwa mtu katili. Alikuwa mbahili, basi, na mbahili ukimpa mfuko wa watu wote aushike, anasahau kwamba si wake. Aligeuka akamtazama Damaris kama mtu anavyotazama paa lake likianza kuvuja. Leo anakohoa, alijiambia, kesho hawezi kupanda bomba, keshokutwa tunamlisha.

Tatizo ni kwamba sheria ilikuwa upande wake. Kila mtu alikuwa na parokia yake. Ukiishiwa, parokia yako ndiyo ikulishe, na ukifa ndiyo ikuzike. Na mwanamke akiolewa alichukua parokia ya mumewe, apende asipende. Damaris alizaliwa Thixby, nyumba ya tatu kutoka kanisani, lakini aliolewa na Jory Pascoe, fundi wa kuziba masufuria aliyepita akipiga nyundo mlango kwa mlango, na Jory alikuwa mtu wa Cornwall, kule mwisho kabisa wa nchi ambako ardhi inachoka na kutumbukia baharini. Homa ilimchukua Jory kabla hata ndoa haijazoea kiti chake. Aliacha nyundo, jina, na parokia ambayo mkewe hakuwahi kuiona hata kwa ndoto.

Kulikuwa na njia moja tu ya kujikomboa, nayo ni kumtumikia tajiri mmoja mwaka mzima, bila kupungua hata siku. Ukiumaliza, wewe ni wa hapo, liwe liwalo. Ndiyo maana wakulima wa aina ya Ombler waliajiri watu kuanzia kesho yake Mtakatifu Martin mpaka mkesha wake, ili mwaka ukose kidole kimoja. Ujanja huo uliitwa uangalifu.

Damaris alipelekwa mbele ya hakimu, Bwana Wilfrid, mzee wa jongo aliyekuwa ameuweka mguu wake juu ya mto.

"Kazi yako nini, mama?"

"Majobu, Mheshimiwa."

"Majobu gani?"

"Lolote litakaloniita."

"Umewahi kumtumikia mtu mmoja mwaka mzima?"

"Mheshimiwa, hata marehemu mume wangu sikumtumikia mwaka mzima, na yule nilimpenda."

Karani alicheka, kisha akajifanya anapiga chafya. Ombler hakucheka.

"Si unamsikia kwa kinywa chake, Mheshimiwa? Vipande! Leo kwa huyu, kesho kwa yule. Kipande si kazi. Na hata uvirundike vipande mia, havifanyi mwaka."

"Nimezaliwa Thixby," alisema Damaris. "Mama yangu amezikwa Thixby. Huko Cornwall hata mbwa wao hawanijui."

"Sheria haijaulizia mbwa," alisema hakimu, akikunja uso kwa maumivu ya mguu. "Wewe ni mtu wa Cornwall. Konstebo atakusindikiza."

Wakamwandikia amri, wakampa nakala, akarudi nayo nyumbani akiishika kwa ncha za vidole kama panya aliyekufa.

Jioni ile mwanamke aliyezoea kuchekesha kijiji kizima hakuweza kumeza hata uji. Aliogopa, na hakujidanganya kuhusu anachokiogopa. Safari aliiweza. Nyumba ya maskini aliiweza pia, maana hata huko lazima kuna bomba lililoziba. Alichokiogopa ni kufa mbele ya watu wasiojua yeye ni binti wa nani. Watamfukia na kusema, yule mjane fulani, na neno "fulani" ndilo lililomkaba roho. Alilia kidogo, akaona haimsaidii, akaacha.

Theluji ilikuja mapema mwaka ule. Barabara ya kusini ilizibwa, na konstebo, ambaye naye hakuwa na hamu ya kutembea mpaka mwisho wa nchi na mwanamke mwenye ulimi ule, alisema wangoje iyeyuke.

Asubuhi yake mtumishi wa nyumbani kwa kasisi aligonga mlango.

"Bi Damaris! Jiko linatufukiza, macho yote mekundu! Njoo upesi!"

Damaris alifungua nusu ya juu ya mlango. "Damaris hayupo."

"Si huyo nakuona?"

"Unaona vibaya, ni moshi huo. Damaris yuko Cornwall. Sheria imesema, na karatasi ninayo. Geukia kusini upige kelele, pengine nitakusikia."

"Jamani, Bi Damaris..."

"Kwa nguvu zaidi. Ni mbali."

Akafunga. Kijiji kilicheka siku nzima. Siku ya pili kilicheka kidogo. Kufikia mwisho wa juma hakuna aliyecheka, maana ng'ombe walibaki mitaroni, mabomba yalifuka, na mzee mmoja aliyefariki alikaa na ndevu zake za siku nne mpaka mkewe akaogopa kumsogelea. Ndipo watu wa Thixby walipoanza kuona kitu ambacho hawajawahi kukitazama. Kila mmoja wao alikuwa na kazi yake, safi kabisa, na kati ya kazi moja na nyingine kulikuwa na mwanya, na mianya yote ya kijiji kile ilikuwa imezibwa na mtu mmoja.

Jumamosi jioni Thomasin na Zachary walikuja kumtembelea. Thomasin alikuwa msichana wa maziwa kwa Ombler na Zachary alikuwa mwendesha farasi wake, na wote wawili walifanana na watu waliofurahia jambo wasilopaswa kulifurahia.

"Bwana anachinja nguruwe Jumatatu," alisema Thomasin. "Wawili. Wakubwa kama makasisi."

"Mkesha wa Mtakatifu Martin," aliongeza Zachary. "Na mchinjaji kashasema, yeye anachinja, anawachoma nywele, anawapasua, anaondoka. Ana vijiji vingine."

"Na matumbo?" aliuliza Damaris, licha ya kwamba hakuwepo.

"Ndiyo hilo tunauliza. Kila mwaka unafanya wewe."

Walitazamana. Damaris akaanza kutabasamu, na lilikuwa tabasamu la kwanza tangu kwa hakimu.

"Zachary mwanangu, siku uliyoajiriwa kofiani kwako kulikuwa na nini?"

"Kamba ya mjeledi, Bi Damaris."

"Hakukuwa na utumbo wa nguruwe?"

"Kwa heshima zote, haukuwepo."

"Na wewe Thomasin?"

"Manyoya ya ng'ombe, mama. Nguruwe sikumtaja kabisa."

Huo ulikuwa ndio mwiko wa watu wale: mtu aliyeajiriwa kwa mwaka alifanya kinachosemwa na kofia yake, na kumlazimisha kingine ilikuwa aibu ambayo tajiri angesimuliwa nayo sokoni mpaka akose wafanyakazi. Kwa kawaida hakuna aliyelikumbuka hilo, kwa sababu kisichokuwa kofiani kwa mtu yeyote kilikuwa cha Damaris.

"Na Bi Ursula?" aliuliza. Bi Ursula alikuwa mke wa Ombler.

"Kichwa kinamuuma," alisema Thomasin. "Yaani kitamuuma. Jumatatu. Kashaniambia nimpashie tofali la kitandani."

Msomaji usiyekula nguruwe, ruka hapa kama unavyoruka dimbwi, tukutane ng'ambo. Jumatatu mchinjaji alikuja, akafanya kipande chake, akafuta visu, akaenda zake kabla theluji haijamfungia njia. Aliacha wanyama wawili wananing'inia kwenye boriti, beseni la matumbo likitoa mvuke, ndoo ya damu isiyokorogwa, na mlima wa mafuta ya kuyeyushwa kabla hayajaharibika. Nyumba ya Damaris ilitazamana na ua wa Ombler, kwa hiyo aliona mambo yote kupitia upenyo wa dirisha. Na nikwambie, kilichokuwa kigumu kwake si kungoja. Kilichokuwa kigumu ni kuona kazi nzuri inapoa. Damu ile ilihitaji kukorogwa sasa hivi, jamani, sasa hivi! Ilimbidi aikalie mikono yake.

"Zachary!" aliita Ombler. "Shika beseni hili uende kijitoni ukaoshe."

"Ningependa sana, Bwana. Lakini kofia yangu ilisema farasi."

"Kofia? Kofia gani?"

"Ile niliyoivaa sokoni. Ulininunua nayo."

"Thomasin!"

"Ng'ombe, Bwana," Thomasin alijibu kabla hajaulizwa. "Tena kesho tunakwenda sokoni kusimama upya. Nikionekana na mikono ya nguruwe nani atanichukua kwa maziwa?"

"Jabez yuko wapi?" Jabez alikuwa mchungaji wake, mzee wa maneno machache.

Jabez alitoa kichwa kwenye banda. "Sufu," alisema, akakirudisha.

Ombler alipanda ngazi mbili mbili kwenda kwa mkewe. Damaris hakuweza kusikia yaliyosemwa huko chumbani, ila alimwona akirudi uani taratibu. Akavua nywele zake za bandia akazitundika kwenye msumari, akakunja mikono ya shati, akabeba beseni mwenyewe mpaka kijitoni. Hapo ndipo mbwa wawili wa Ombler, ambao hawakuwa na kofia wala hawakuapa kitu kwa mtu, walipoamua kumsaidia. Mmoja alishika ncha moja ya utumbo na mwingine ncha nyingine. Ombler alivuta katikati. Barafu ya ukingoni haikumvumilia.

Alipotokea kijiani kuelekea mlangoni kwa Damaris alikuwa amelowa mpaka kiunoni, kichwa kipara kinafuka mvuke. Majirani kadhaa, kwa bahati tu, walikuwa wamekumbuka shughuli zao za nje.

"Damaris!"

Akagonga mlango kwa ngumi.

"Damaris, najua umo humo!"

"Huyo yuko Cornwall," ilijibu sauti ya ndani. "Wewe ndiye uliyempeleka. Umesahau?"

"Acha mzaha, mama! Kuna jobu."

"Kipande si kazi, Bwana Ombler. Tulifundishwa mbele ya Mheshimiwa. Wewe ukiwa umevaa nywele."

Mtu mmoja kijiani alijikohoza. Ombler aliuma meno, ama kwa hasira ama kwa baridi.

"Nitakulipa mara mbili."

Mlango ulifunguka nusu ya juu. Damaris alisimama pale amekunja mikono kifuani. Alijua hana nafasi ya pili. Theluji ikiyeyuka, basi.

"Sitaki mara mbili. Nataka peni ya Mungu. Mwaka mzima."

Majirani walisogea karibu. Hata watoto walijua maana yake. Ombler alitazama ua wake, wale wanyama wawili waliokuwa chakula cha nyumba yake mpaka majira ya joto, na Damaris akamwona akipiga hesabu ndani ya kichwa: bei ya nyama hapa, bei ya mwanamke huyu na uzee wake wote pale.

"Haya," alisema hatimaye. "Tokea kesho kutwa, yaani kesho yake Mtakatifu Martin, mpaka mkesha wa..."

"Marmaduke!"

Dirisha la juu nyumbani kwa Ombler lilikuwa wazi, na Bi Ursula alikuwa ameinamia nje na kofia yake ya kulalia, mzima kama kengele.

"Tokea sikukuu mpaka sikukuu, na siku zote ndani yake! Au uje utie chumvi mwenyewe, na mimi nikitoka kitandani mwezi ujao nitakwenda kwa dada yangu na funguo za ghala!"

"Kichwa chako si kinauma, mke wangu?"

"Kinauma kwa sababu yako!"

Ombler alichakura mfukoni, akatoa sarafu iliyolowa. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa desturi hata alipokuwa anashindwa, aliuliza anachopaswa kuuliza kila tajiri.

"Kwa kazi gani? Kofiani kwako kuna nini?"

Damaris aliichukua kofia yake ya nyasi kwenye kigingi, akaivaa. Ilikuwa tupu.

"Hakuna kitu, Bwana. Majobu. Yote yasiyo ya kofia nyingine."

Akafungua kiganja. Peni ilikuwa baridi, na alipofumba vidole juu yake alihisi kama amefungiwa mlango na kufunguliwa mwingine kwa wakati mmoja. Alikuwa amejiuza, yeye aliyesema hatajiuza. Alijua hivyo na ikamuuma. Halafu akavuka kijia akiwa ameshakunja mikono ya gauni, akiwapigia kelele wote waliosimama kwamba damu haikorogwi kwa kutazamwa. Mafuta yalipotakiwa kuyeyushwa, karatasi ya Cornwall ndiyo aliyowashia moto, na Ombler alimpa na ile amri yenyewe, aliyokuwa akiitunza kama mwangalizi, bila kuombwa mara ya pili.

Mwaka ule ulikuwa mrefu. Sitaki kuupamba. Mtu aliyezoea kumaliza kitu na kwenda kwake alijikuta hamalizi chochote, kwa sababu kila alipomaliza alikuwa bado ni wa Ombler. Kengele ya jikoni ilimwamsha, kengele ya jikoni ilimlaza. Wakati wa mavuno alifunga virago vyake mara mbili, na mara zote mbili alivifungua mwenyewe. Naye Ombler, akishapata moto na nguo kavu, alijutia mapatano yake. Alimpa kazi za kumchosha akitumaini atakimbia. Alimtuma kuokota mawe shambani mvua ikinyesha. Damaris aliyaokota akimwimbia nyimbo za kanisani, kwa sauti mbaya, chini ya dirisha lake.

Kazi ngumu iliposhindwa, Ombler alijaribu wema. Asubuhi ya mkesha wa Mtakatifu Martin alikuja jikoni anatabasamu, jambo lililowaogopesha paka, na mkononi amemshika bata bukini aliyenona.

"Damaris, umetutumikia vizuri. Pumzika. Mshahara wako wote huu hapa, na bukini ni zawadi. Nenda nyumbani leo leo, ya nini kungoja kesho?"

Alitamani. Miguu ilimuuma, mgongo ulimuuma, na nyumba yake ilikuwa pale ng'ambo ya kijia na mlango ambao hakuna kengele ya kuufungua. Siku moja tu, na siku yenyewe ya baridi, nani angeihesabu? Alikwisha kunyoosha mkono kumshika bukini shingo. Kisha akaona jinsi Ombler anavyoitazama mikono yake badala ya uso wake.

"Bukini akae, Bwana," alisema. "Na mimi nikae."

"Nakupa ruhusa."

"Siitaki ruhusa. Nataka siku yangu."

Ombler alimnyang'anya ufagio. Damaris alipiga magoti akafagia kwa bawa la kuku. Ombler alichukua bawa. Akafagia kwa aproni. Bi Ursula alikuja mlangoni kuona kelele ni za nini, akavuta kiti, akaketi kati ya mumewe na mfanyakazi wake, akaanza kufuma soksi. Hakuondoka mpaka usiku ulipoingia, na kesho yake alfajiri alikuwepo tena pamoja na soksi ya pili.

Adhuhuri ya Mtakatifu Martin Damaris alivua aproni, akaikunja, akampa Bi Ursula. Wanawake wale wawili walikumbatiana. Kisha akamfuata Ombler zizini.

"Bwana Ombler, wewe si ndiye mwangalizi wa maskini?"

"Ndiye."

"Na mzee wa kanisa?"

"Unataka nini tena, mwanamke?"

"Nataka kuchagua pahali pangu. Mwaka umetimia, mimi ni wenu, sasa mtanizika nyinyi. Twende ukanionyeshe."

Ombler angeweza kukataa. Lakini nusu ya kijiji ilikuwa imesimama kijiani, na nadhani pia alikuwa amechoka kushindana naye. Walikwenda kanisani, wakaingia makaburini, yeye mbele na Damaris nyuma. Alimwonyesha kona ya kaskazini. Damaris akasema pana maji. Alimwonyesha ukutani. Akasema mbuzi wa kasisi wanapita hapo, hatapata usingizi. Walizunguka hivyo mpaka Damaris aliposimama kando ya jiwe kubwa la ukoo wa Ombler, mahali palipobaki nafasi ya mtu mmoja.

"Hapa."

"Hapa ni karibu na petu."

"Ndiyo. Nataka jirani ninayemjua."

Damaris aliukanyaga udongo ule kwa kisigino, kama mtu anayejaribu sakafu ya nyumba mpya, na ghafla machozi yakamtoka, mengi, bila kuomba ruhusa. Alilia wazi wazi akiwa amesimama, na mzee yule mbahili, asiyejua la kufanya, alivua kofia yake akaishika kwa mikono miwili.

"Unaumwa, Damaris?" aliuliza, na kwa mara ya kwanza hakuwa akipiga hesabu.

"Siumwi." Alijifuta uso kwa mkono wa gauni. "Usianze kuchimba. Kufa nako ni jobu tu, nitalifanya nikipata nafasi. Sasa nipishe njia, mke wa mhunzi ameshikwa na uchungu tangu alfajiri, na huyo mtoto hatangoja mimi nimalize kuongea na wewe."

Akapandisha gauni mpaka vifundoni, akapita katikati ya makaburi akikimbia.